"Cousin": neno moja la Kiingereza, maswali matatu ya Kichina

Chukua sentensi fupi ya Kiingereza: "My cousin got married." Mpe mwanafunzi wa Kichina aigeuze kwa lugha yake. Sarufi ni nyepesi na msamiati ni wa mwanzo kabisa, lakini atakwama, na ana haki ya kukwama. Aliyefunga ndoa ni mwanamume au mwanamke? Amemzidi msemaji umri au ni mdogo wake? Na undugu wao umepitia kwa nani, kwa baba na ndugu yake wa kiume, au kuna mwanamke katikati? Asipojibiwa maswali hayo matatu, hana jina la kumwita mtu huyo kwa Kichina.

Kamusi za Kiingereza na Kichina kwa kawaida hulimaliza jambo hili kwa kupanga maneno kadhaa mfululizo mbele ya "cousin" na kumwachia msomaji achague. Naona njia hiyo inampotosha mwanafunzi. Inamfanya aamini kwamba "cousin" lina maana nyingi, kumbe lina moja tu, tena pana mno: mtoto wa ndugu wa mzazi wako, awe wa upande wowote, jinsia yoyote, umri wowote. Kwa hiyo hakuna maana ya kuchagua hapo. Anachopaswa kujifunza Mchina ni kunyamazia mambo ambayo lugha yake imemlazimisha kuyasema tangu alipoanza kutamka maneno, na hilo ni gumu kuliko kukariri.

Majibu ya maswali yale yakipatikana, Kichina kinakupa maneno manane. Mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo jina lake huanza na tang. Akiwa mwanamume aliyekuzidi umri ni tangge, akiwa mdogo kwako ni tangdi. Mwanamke mkubwa kwako ni tangjie, na mdogo ni tangmei. Waliobaki wote, yaani watoto wa shangazi, watoto wa mjomba na watoto wa mama mkubwa au mama mdogo, majina yao huanza na biao: biaoge, biaodi, biaojie, biaomei. Viishio hivyo vinne ndivyo hivyo hivyo vinavyotumika kwa ndugu wa tumbo moja. Ge ni kaka, jie ni dada, di ni mdogo wako wa kiume na mei ni mdogo wako wa kike. Neno la jumla la "ndugu wa kiume" lisilotaja ukubwa wala udogo halitumiki katika mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye "cousin" mwanafunzi huyu alishasumbuliwa na "brother" na "sister".

Herufi 堂, yaani tang, ni ukumbi mkuu wa nyumba. Watoto wa ndugu wa kiume ni watu wa ukumbi mmoja: jina lao la ukoo ni moja, wahenga wanaowatambikia ni wale wale, na katika koo nyingi hata jina la kupewa hubeba herufi ya kizazi chao. Mao Zedong na wadogo zake Mao Zemin na Mao Zetan walibeba "Ze" kwa sababu hiyo, na mtoto wa kiume wa baba yao mdogo angeweza kuibeba vile vile. Herufi 表, biao, maana yake ni upande wa nje. Shangazi ameolewa na watoto wake wana jina la ukoo wa baba yao. Mjomba ni wa ukoo wa babu mzaa mama. Mama mdogo kaenda kwa mumewe. Wote hao wako nje ya ukumbi. Mantiki hiyo imo pia katika waipo, jina la bibi mzaa mama linalotumika sana kusini mwa China, ambalo "wai" yake nayo ni "nje". Wachina wana msemo, yi biao san qian li: ukishataja biao umekwenda li elfu tatu. Li moja ni kama nusu kilomita. Wanamaanisha kwamba undugu wa biao hutawanyika hata mtu asijue unaishia wapi, na yeyote anayetaka kujisogeza kwenye ukoo wenye mali atatafuta uzi wa biao wa kuushika.

Tofauti hii iliandikwa mpaka kwenye sheria. Kanuni za maombolezo za jadi ya Konfusio, ambazo majedwali yake yaliwekwa ndani ya vitabu vya sheria vya enzi za Ming na Qing, zilimtaka aliyefiwa na tang wa kiume avae nguo za msiba miezi 9. Aliyefiwa na biao alivaa miezi 3. Ngazi hizo za msiba zilitumika hata mahakamani, kwa kuwa adhabu ya kumpiga au kumtukana ndugu ilipimwa kwa ukaribu wake. Na jambo zito kuliko yote lilikuwa ndoa. Tang hakuolewa wala kuoa tang mwenzake kabisa, maana ni watu wa ukoo mmoja. Biao walioana sana, na wazazi walifurahia, wakiita qin shang jia qin, undugu juu ya undugu. Sheria ya Ming ilikataza ndoa hizo lakini watu waliendelea nazo, na chini ya Qing zikaruhusiwa. Sheria ya ndoa ya mwaka 1950 iliiachia desturi suala hilo, na sheria ya mwaka 1980 ndiyo iliyopiga marufuku ndoa ya ndugu wa pembeni walio ndani ya vizazi vitatu, wawe tang au biao. Kwa karne nyingi, basi, silabi ile ya mwanzo ilimwambia kijana kama msichana aliyeketi mbele yake anaweza kuwa mke wake.

Hakuna mahali pazuri pa kuona uzito huo kama katika Hong Lou Meng, riwaya kubwa ya karne ya 18 ya Cao Xueqin. Kijana Jia Baoyu yuko kati ya wasichana wawili, Lin Daiyu na Xue Baochai. Kwa Kiingereza wote wawili ni "cousin" wake na basi. Kwa Kichina wote ni biao, lakini biao za aina mbili: Daiyu ni mtoto wa shangazi yake, Baochai ni mtoto wa dada wa mama yake. Katika sura ya 20 Daiyu ana wivu, na Baoyu anambembeleza kwa hoja ya undugu. Anamkumbusha kwamba wao wawili ni watoto wa shangazi na mjomba, ilhali yeye na Baochai ni watoto wa mama wawili walio ndugu, na kwa hesabu hiyo Baochai yuko mbali zaidi. Kisha anaongeza kwamba Daiyu ndiye aliyetangulia kuja, wamekula meza moja na kukua pamoja. Hebu jaribu kuisema hoja ya kwanza kwa Kiingereza ukitumia "cousin" peke yake. Haisemeki. Mfasiri hana budi kufafanua kwa maneno mengi kile ambacho msomaji wa Kichina anakipata kwa silabi chache, au aache maneno ya Baoyu yapoteze makali.

Msomaji anaweza kudhani kwamba Kiingereza kilizaliwa hivyo, bila habari na pande za ukoo. Historia inasema vingine. "Cousin" limetoka kwa Kifaransa cha kale, nacho kililipata kwa Kilatini consobrinus. Mbele kuna con, "pamoja". Nyuma kuna sobrinus, lenye mzizi wa soror, dada. Consobrini walikuwa watu waliounganishwa na akina dada, yaani watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mtoto wa ndugu wa kiume wa baba aliitwa patruelis, na wa shangazi aliitwa amitinus. Vivyo hivyo kwa wazazi wao: patruus alikuwa baba mkubwa au mdogo, avunculus mjomba, amita shangazi, matertera mama mkubwa au mdogo. Mrumi wa kale na Mchina wangekaa chini wakaelewana bila shida juu ya mambo haya.

Mipaka ilianza kuchakaa Warumi wenyewe wakiwepo. Mwanasheria Gaius, wa karne ya 2, akieleza mirathi anataja patrueles kuwa ni watoto wa ndugu wawili wa kiume, kisha anakiri kwamba watu wengi nao huwaita consobrini. Neno lilikuwa limeshaanza kumeza wenzake. Lilipofika Ufaransa likiwa cosin, upande wa mama ulikuwa umesahaulika, na ndivyo lilivyoingia Uingereza.

Na Uingereza halikukuta jangwa. Kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, Kiingereza cha kale kilikuwa na fædera kwa ndugu wa kiume wa baba, eam kwa mjomba, faðu kwa shangazi na modrige kwa dada wa mama. Maneno ya Kifaransa yaliyachukulia nafasi, na kila moja lilikuja limepoteza upande wake: "uncle" linatokana na avunculus, mjomba peke yake, "aunt" linatokana na amita, shangazi peke yake, "cousin" linatokana na mtoto wa dada wa mama peke yake. Maneno matatu yaliyokuwa membamba yakawa mapana kwa pamoja. Mchina anayejifunza Kiingereza leo angestarehe zaidi na Kiingereza cha mwaka 1000.

Kilichobaki kuwa muhimu kwa Waingereza kilikuwa umbali. Kanisa la Magharibi lilipokataza ndoa za ndugu halikujali kama undugu ni wa kwa baba au wa kwa mama. Lilihesabu ngazi hadi kwa babu mnayekutana. Mtaguso Mkuu wa Nne wa Laterani, mkutano wa maaskofu wa mwaka 1215, ulipunguza ngazi zilizokatazwa kutoka 7 hadi 4. Ukitaka kujua kama ndoa itabarikiwa ulilazimika kujua mmekutana kwa babu wa ngapi. Ndiyo maana Kiingereza, kinachonyamaza kuhusu jinsia, umri na upande, kina "first cousin", "second cousin" na "third cousin". Wa kwanza mnachangia babu na bibi. Wa pili mnachangia wazazi wa babu na bibi. Wa tatu mnapanda ngazi moja zaidi.

Kwa muda mrefu neno hilo lilitumika kwa ulegevu ambao leo ungeshangaza. Kwa Shakespeare, mfalme Claudius anamwita Hamlet "cousin" ingawa Hamlet ni mtoto wa ndugu yake wa kuzaliwa, mtu ambaye Kiingereza cha leo kingemwita "nephew". Wafalme waliitana hivyo hata pasipo damu, na watu wa tabaka la juu waliandikiwa na mfalme kwa neno hilo katika hati rasmi. Kuna pia "cousin german", ambalo mwanafunzi akilikuta kwenye kitabu cha zamani atadhani anaambiwa habari za Mjerumani. Hiyo "german" ni Kilatini germanus, mtu wa damu ya karibu, na maana yake hapo ni "first cousin" tu.

Wajerumani wanahusika kwa njia nyingine, na mfano wao ndio ninaouona mzuri kuliko yote kwa kufundishia. Julai 1914, Ulaya ikiwa ukingoni mwa vita, Wilhelm II wa Ujerumani na Nicholas II wa Urusi walipelekeana simu za maandishi kwa Kiingereza, na Wilhelm akajitia sahihi kama rafiki na "cousin" wa mwenzake. Uingereza ilikuwa chini ya George V, ambaye naye alikuwa "cousin" wa wote wawili. Neno moja, watu watatu. Sasa tuwapange kwa Kichina.

Mama yake Wilhelm alikuwa dada mkubwa wa baba yake George. Wilhelm alizaliwa 1859, George 1865. Kwa hiyo George angemwita Wilhelm biaoge, na Wilhelm angemwita George biaodi. George na Nicholas walikuwa watoto wa dada wawili wa Denmark, Alexandra na Dagmar. Nicholas alizaliwa 1868, kwa hiyo kwa George ni biaodi, ila wa njia nyingine, njia ya mama na mama. Wilhelm na Nicholas kwa damu walikuwa mbali zaidi, lakini mke wa Nicholas, ambaye jina lake pia lilikuwa Alexandra, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Wilhelm na mdogo wake kwa umri. Kwa Wilhelm huyo ni biaomei, na mumewe ni biaomeifu, mume wa biaomei. Kiswahili nacho kina la kusema hapa. Wilhelm kwa George ni mtoto wa shangazi, na George kwa Wilhelm ni mtoto wa mjomba. Lakini George na Nicholas, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, katika nyumba nyingi za kwetu ni ndugu, hakuna neno la ziada. Novemba 1914 vita vya watu hao vilikuwa vimeshafika Tanga.

Mwanafunzi wa Kichina akishaelewa yote haya bado ana mitego kadhaa njiani. Mtego wa kwanza ni kuita. Majina ya undugu ya Kichina ni ya kuitia pia: huwezi kumwita mtu aliyekuzidi umri kwa jina lake tupu mbele ya wazazi, lazima biaoge au tangjie litangulie au lisimame peke yake. Mtoto aliyelelewa hivyo akifika Uingereza husalimia "Hello, Cousin", na wenyeji wanashangaa kidogo, kwa sababu Kiingereza cha leo kinamtaja mtu kuwa "cousin" lakini kinamwita kwa jina lake. Sisi tunaoona vibaya kumwita kaka kwa jina kavu tunaelewa kwa nini jambo hilo linamwia gumu.

Mtego wa pili ni namba. Katika familia ya Kichina yenye watoto wengi, mabiao hupangwa kwa kuzaliwa: da biaoge ni mkubwa wao, er biaoge ni wa pili. Er ni "mbili". Mwanafunzi akisikia "second cousin" huona kama ameshalijua, na akamtambulisha er biaoge wake, mtoto wa mjomba kabisa, kuwa "second cousin". Mwingereza anayesikia anampeleka mtu huyo mbali, kwa wajukuu wa ndugu wa babu. Mwalimu asiposema wazi kwamba namba ya Kiingereza inahesabu vizazi hadi kwa babu mnayekutana, kosa hilo linaweza kudumu miaka.

"Once removed" ndilo linalowatisha wengi, hata Waingereza wenyewe. Maana yake ni kwamba hamko kizazi kimoja: "first cousin" wa baba yako kwako ni "first cousin once removed", na mtoto wa "first cousin" wako vile vile. Kuna jambo la kushangaza hapo, kwamba jina ni lile lile ukipanda na ukishuka. Kwa Mchina hilo ni kama kumwita baba na mtoto kwa jina moja. Biao wa baba yake ni biaoshu au biaogu, mtu wa kizazi cha wazazi, anayestahili heshima ya mzazi. Mtoto wa biao wake ni wa kizazi cha chini. Kizazi, ambacho wao hukiita beifen, kinatangulia umri. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu mzima wa Kichina akimtambulisha mtoto wa miaka mitano kuwa ni mzee wake katika ukoo, kama sisi tunavyoweza kuwa na baba mdogo anayesoma chekechea. Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wengi huacha hesabu zote na kusema "cousin" tu, na hapo ndipo ninapomshauri mwanafunzi awaige. "Once removed" alijue akilisoma. Kulisema hakuna haja.

Mtego mwingine unatokana na historia ya karibuni. Sera ya mtoto mmoja ilianza kusambazwa China nzima mwaka 1980 na ikakoma rasmi Januari 1, 2016. Mamilioni ya watoto wa mijini walikua bila kaka wala dada wa tumbo moja, na nafasi hiyo ikajazwa na tang na biao. Silabi ya kwanza mara nyingi ikaanguka: biaoge akawa ge, tangjie akawa jie. Kijana wa kizazi hicho akizungumza Kiingereza husema "my brother" kwa moyo mweupe, na rafiki yake Mwingereza anamuuliza: si ulisema wewe ni mtoto wa pekee? Hajadanganya. Alichokisema kinaeleweka Shanghai, na kingeeleweka Morogoro. Kinachotakiwa ni ajue kwamba "brother" ya Kiingereza haivuki mlango wa wazazi wako. Wahindi wanaozungumza Kiingereza wameunda "cousin brother" na "cousin sister" kuziba pengo hilo hilo. Mwalimu wa Uingereza atazipiga mstari mwekundu, lakini mimi naziona ni maneno yenye akili: yanarudisha jinsia na yanabakiza udugu.

Sera hiyo ina tokeo jingine, nalo linanigusa zaidi ya mitego ya darasani. Watu wawili waliozaliwa pekee kwa wazazi wao wakioana, mtoto wao hana shangazi, hana mjomba, hana baba mdogo wala mama mkubwa. Kwa hiyo hana tang hata mmoja na hana biao hata mmoja. Maneno manane aliyorithi anayakuta vitabuni, na kwenye mkusanyiko wa familia wakati wa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua hana wa kumwita kwa maneno hayo. Mtoto kama huyo anaweza kulielewa "cousin" la Kiingereza haraka kuliko wazazi wake, kwa sababu ya huzuni kabisa: pande za ukoo kwake ni nadharia.

Kiswahili kina kisa chake kinachofanana na cha consobrinus. Binamu ni Kiarabu, ibn 'amm, mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Huyo ndiye tang wa Mchina, yule asiyeoana nawe hata kwa dawa, na ni huyo huyo ambaye kwa desturi za Waarabu ndoa naye inapendelewa. Lilipohamia kwetu, neno liliteleza. Kwa wasemaji wengi wa bara leo binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, kwa sababu mtoto wa baba mdogo alishakuwa na jina, ndugu. Kilatini kilianza na mtoto wa dada wa mama kikaishia kwa wote. Sisi tumeanza na mtoto wa ami tukaishia upande wa pili kabisa. Wanaanthropolojia wana makundi ya mifumo hii, na katika mpangilio unaotumika tangu George Murdock achapishe kazi yake mwaka 1949, Kiingereza kimewekwa pamoja na Waeskimo, Kichina kimewekwa katika kundi lililopewa jina la Sudan, na jamii nyingi za Kibantu zimewekwa pamoja na Wairoki wa Marekani, wanaowaita ndugu watoto wa baba mdogo na wa mama mdogo lakini wakawatenga watoto wa shangazi na mjomba.

Hapa ninawafikiria vijana wetu wanaojifunza Kichina. Taasisi ya kwanza ya Konfusio barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na tangu hapo madarasa yameenea Afrika Mashariki. Mengi hufundisha Kichina kwa Kiingereza, na mada ya familia huja mapema. Mwanafunzi anaambiwa kwamba shushu, bobo na jiujiu wote ni "uncle", anaandika, anaanza kukariri kwa taabu. Angepitia Kiswahili asingekariri chochote. Bobo ni baba mkubwa. Shushu ni baba mdogo. Jiujiu ni mjomba, gugu ni shangazi, dayi ni mama mkubwa na xiaoyi ni mama mdogo. Kiingereza kinamvua mwanafunzi maarifa aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kisha kinamuuzia upya kama kitu kigeni.

Kwa watoto wao ndipo Kiswahili kinapoacha kutosha, na mwanafunzi wetu anapaswa kuwa mwangalifu. Mtoto wa baba mdogo, ambaye amezoea kumwita ndugu, Kichina kinamtaka amwite tang. Mtoto wa mama mdogo, ndugu vile vile kwetu, anahamia kwa mabiao pamoja na watoto wa mjomba. Halafu kuna umri. Katika baadhi ya jamii za Kibantu ukubwa hufuata wazazi: mtoto wa baba mkubwa ni kaka yako hata kama ulizaliwa kabla yake. Kichina hakifanyi hivyo kwa tang na biao. Mtoto wa shushu, baba yako mdogo, akikutangulia kuzaliwa hata kwa wiki moja, huyo ni tangge wako, na wewe ni tangdi wake.